Amana si Milki

Jina la aina ya mnyama katika elimu ya viumbe kwa kawaida huwa na shahidi wake. Shahidi huyo ni kielelezo cha asili: kwa kawaida kiumbe mmoja aliyehifadhiwa, ili shaka ikizuka juu ya jina, yeye atoe ushahidi. Maelezo ya kitabuni huweza kukosea. Kielelezo hubaki kuwa kipimo cha mwisho.

Shahidi huyu huhitajiwa sana katika ukoo wa vipepeo waitwao Riodinidi. Ni vipepeo wadogo, na wengi wao wana madoa yang'aayo kama madini juu ya mbawa. Aina zao zapita 1,300, na sehemu kubwa huishi katika nchi za joto za Amerika. Dume na jike wa aina moja mara nyingi hawafanani, hata wataalamu wa zamani wakawapa majina mawili. Wengine huiga sura za vipepeo wa koo nyingine. Macho peke yake hayatoshi kukata shauri.

Mashahidi hao wako wapi? Henry Walter Bates alikaa katika bonde la mto Amazon tangu 1848 hata 1859, akapeleka Uingereza maelfu ya wadudu. Mkusanyo wa William Chapman Hewitson, aliyezipa majina aina nyingi, uliingia katika makumbusho ya London baada ya kifo chake mwaka 1878. Hivyo kipepeo huruka Brazili, na ushahidi wa jina lake umo kabatini Ulaya.

Watetezi wa hali hii hutoa hoja ya usalama. Hutaja tarehe 2 Septemba 2018, Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro yalipoungua na wadudu wapatao milioni 5 wakateketea. Msiba ule ulikuwa mkubwa, lakini hoja ni dhaifu. Mabomu ya 1943 yaliteketeza makumbusho ya wanyama ya Hamburg. Shehena ya Alfred Russel Wallace, aliyekwenda Amazon pamoja na Bates, iliungua baharini mwaka 1852 ikipelekwa Uingereza. Moto hauchagui nchi. Fundisho lake ni kwamba kielelezo kisichopigwa picha wala kuelezwa, kikiungua, hufa mara mbili.

Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, katika toleo lililoanza kutumika mwaka 2000, yasema kwamba vielelezo hivi ni amana kwa ajili ya elimu. Amana si milki. Mwekewa amana hasifiwi kwa kufunga mlango tu, hudaiwa hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na itolewe orodha kamili ya kila kielelezo, na picha za pande zote mbili za mbawa pamoja na vibandiko vyake. Na kwa kuwa picha ya mbawa haionyeshi viungo vya uzazi, ambavyo aghalabu ndivyo hukata shauri, mtafiti wa Amazon apewe nafasi ya kuvichunguza bila kufanywa mwombaji.

Jambo hili si anasa ya wataalamu. Msitu unakatwa. Aina isiyo na jina la hakika ni vigumu kuandikwa miongoni mwa viumbe walio hatarini, na isiyoandikwa haina wakili. Amfungiaye shahidi kabatini humnyima haki kipepeo aliye hai.