KIPIMAGESI KITOLEWE KABATINI

Nina swali. Kuna faida gani mtu kununua mbwa wa kulinda boma kisha amfungie stoo? Hapa shuleni tuna kifaa kidogo cha kushikwa mkononi, chenye shingo ndefu inayopinda kama mkonga wa ndovu. Kazi yake ni kunusa gesi inayovuja. Kilikuja pamoja na mitungi mikubwa ya jikoni wakati shule ilipoachana na kuni. Tangu kije kimelala kabatini, kabati limefungwa kwa kufuli, na ukiuliza ufunguo uko kwa nani kila mtu anamwonyesha mwenzake.

(Chamani tulibishana karibu juma zima kuhusu jina la kifaa chenyewe. Wako waliosema kiitwe kinusio, wengine kitambuzi. Mimi nilishikilia kipimagesi, na ndilo nitakalotumia humu. Atakayenuna na anune.)

Maoni yangu ni kwamba kitolewe leo si kesho, kikabidhiwe mpishi na msaidizi wa maabara, nao wafundishwe namna ya kukitumia bila kujihatarisha. Nasema hivyo kwa sababu kifaa hiki mikononi mwa asiyekielewa chaweza kumpa ujasiri wa kuingia mahali ambapo angepaswa kukimbia.

Gesi si mambo ya mchezo. Usiku wa tarehe 1 Februari, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka mtaani Embakasi, Nairobi. Moto ukarukia maghala na nyumba za watu waliokuwa wamelala. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Baadaye mamlaka inayosimamia kawi na petroli ilieleza kwamba mwaka wa 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale. Najua watakaosema kwamba lori na mtungi wa kupikia ni mbingu na ardhi. Ni kweli kwa ukubwa, lakini gesi iliyomo ni ile ile.

Mpishi wetu, mama tunayemheshimu sana, husema pua yake yamtosha. Simpingi kabisa. Gesi ya mitungi haina harufu kwa asili yake, bali hutiwa dawa yenye uvundo makusudi ili tuitambue. Lakini pua huzoea. Ukikaa ndani ya harufu kwa muda unaacha kuisikia, na ukiwa na mafua ndiyo basi tena. Aidha, uvundo unakwambia gesi ipo, haukuonyeshi ni mpira, ni regyuleta au ni valvu inayovuja. Hapo ndipo wengine huwasha kiberiti na kukipitisha karibu na mtungi waone kama moto utadaka. Jamani! Huko ni kumtafuta nyoka gizani kwa kupapasa na mkono.

Haya basi, kipimagesi kinatumiwaje? Jambo la kwanza, kiwashwe nje, penye hewa safi, si jikoni. Kihisi chake lazima kipate joto na kijue hewa safi ilivyo ndipo kiweze kutambua iliyochafuka. Ukikiwashia ndani ya gesi, chaweza kuidhania gesi hiyo kuwa ndiyo hewa ya kawaida, kisha kikakudanganya mchana kutwa. Tena swichi yoyote yaweza kutoa cheche. Vipo vifaa vilivyoundwa visiweze kuwasha gesi, na hivyo hupigwa alama ya herufi Ex. Kisicho na alama hiyo kisiingizwe kamwe katika chumba kinachonuka gesi. Simu pia iachwe nje.

Kikishakuwa tayari hulia polepole, ti... ti... ti..., kama saa ya ukutani. Kadiri unavyokaribia gesi ndivyo mlio unavyoharakisha. Ukifika mlangoni nacho tayari kinalia kama mbuzi aliyepotezwa na mamake, usiendelee. Rudi nyuma, wala usijaribu kukizima ukiwa hapo. Waite watu watoke, mtu asiguse swichi ya stima, si kuwasha si kuzima. Valvu ya mtungi ifungwe ikiwa inafikiwa bila hatari, milango iachwe wazi, kisha pigeni 999 au 112 mkiwa mbali.

Mlio ukiwa shwari, ingia uanzie chini. Hili wengi hawalijui. Gesi ya mitungi ni propeni na buteni, nazo ni nzito kuliko hewa, buteni karibu mara mbili. Hutambaa sakafuni kama maji, ikajikusanya kwenye mitaro na nyuma ya magunia ya mahindi. Mtu akisimama wima na kupunga kipimagesi karibu na dari atatangaza kwamba kuna amani, kumbe hatari iko kwenye viatu vyake. Kwa shule zinazotumia gesi ya samadi ni kinyume, kwa sababu ile ni methani, nayo ni nyepesi na hupanda juu. Ndiyo maana nasema afundishwe mtu, asipewe kifaa tu.

Kutoka sakafuni, fuata mpira mpaka kwenye regyuleta, polepole sana, ncha ikiwa karibu na kila kiungo. Ukienda mbio utapita tundu kabla kihisi hakijaamka. Upepo wa dirishani nao huipeperusha gesi ukadhani tundu liko kwingine. Pakishajulikana, paka povu la sabuni uone mapovu yakifura. Lakini utangulie kipimagesi ndipo ufuatishe sabuni, maana maji yakiingia kwenye ile ncha kifaa kimekwisha. Maabarani kuna jambo la ziada: spiriti, asetoni, hata marashi ya wasichana wa kidato cha nne (wanisamehe) yatakifanya kilie. Mlio wa namna hiyo usipuuzwe, uchunguzwe chanzo chake.

Sasa namba, ambazo ndizo zilizonishtua zaidi. Baadhi ya vipimagesi huonyesha asilimia kwenye kioo. Rafiki yangu alisema kikisoma 10 hakuna wasiwasi, bado 90. Lahaula! Ile 100 ya kifaa haimaanishi chumba kimejaa gesi pomoni. Inamaanisha hewa imefikia kiwango cha chini cha kuweza kuwaka, na kwa propeni hicho ni kama sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za hewa. Kwa hiyo 10 ya kifaa ni kama sehemu 0.2 katika 100. Kiasi hicho kidogo ndicho vifaa vingi hupangwa vipige kelele, ili mtu apate nafasi ya kuondoka. Ajabu nyingine ni kwamba gesi ikizidi mno na oksijeni ikapungua, vihisi vya aina fulani husoma kidogo badala ya kingi. Namba ikipanda ghafla kisha ikaporomoka, usishangilie, toka.

Wapo wanaotetea kabati. Wanasema ni kifaa ghali, kitaibwa, kitaanguka kwenye sufuria ya maharagwe. Hoja ya kuibwa naielewa. Hata hivyo, kabatini pia kinaharibika, tena bila mtu kujua. Betri huvuja zikala vyuma, na kihisi huchoka kwa umri. Kinatakiwa kujaribiwa mara kwa mara kwa gesi ya kipimo kinachojulikana, jinsi kijitabu chake kinavyoagiza. Ile tabia ya kukipulizia gesi ya kibiriti cha sigara si majaribio ya kutegemewa, kwa sababu kipimo chake hakijulikani na yaweza kukilemea kihisi.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaotaka kukifanya hirizi. Kikininginia ukutani basi wamelindwa! Kipimagesi hakizibi tundu wala hakibadilishi mpira uliopasuka. Pia hakikuundwa kumlinda mtu na hewa ya sumu ya jiko la makaa, ile inayoua watu wakiwa wamelala madirisha yakiwa yamefungwa.

Sisi wa shule ya kutwa jioni twarudi katika vyumba vya kupanga ambamo mtungi wa kilo 6 unakaa hatua mbili kutoka kitandani. Hatutanunua kipimagesi nyumbani, pesa ziko wapi? Lakini aliyejifunza shuleni kwamba gesi hutambaa chini, kwamba povu la sabuni latosha kuonyesha tundu, na kwamba swichi haiguswi, atamweleza mamake jioni hiyo hiyo. Ombi langu kwa ofisi ni dogo: kabla muhula ujao kuanza, ufunguo utafutwe, betri mpya zinunuliwe, na aalikwe fundi wa gesi kwa saa moja tu. Mpishi akae kiti cha mbele. Sisi tutasimama nyuma.