Barabara ni Ipi Machoni pa Sheria?

Mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye miaka kadhaa iliyopita nilimfunza fonolojia, alinipigia simu majuzi akiwa na swali ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hudhani analijua jibu lake. "Daktari, barabara ni nini?" Nilifikiri anautaka ule mfano wetu mkongwe wa shadda: kwamba neno hilo likitiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia kuu, na likitiwa katika ya tatu kutoka mwisho lina maana ya sawasawa. Kumbe mwenzangu alikuwa ametoka kulipa faini.

Alikuwa amenunua, kwa bei ya kutupa, pikipiki iliyoundwa kwa mashindano ya matopeni, ile yenye matairi ya meno makubwa na kiti chembamba, isiyokuwa na taa, honi, vioo wala nambari ya usajili. Fundi wa jua kali akaifunga taa na honi. Basi akawa anaiendesha hadi shuleni kupitia vijia vya mashambani, asikanyage lami hata mara moja, akiamini kuwa maadamu haigusi barabara, sheria ya barabara nayo haimgusi. Askari walimsimamisha kwenye ujia ambao nadhani hata ramani haiutaji.

Kwa mujibu wa kamusi zetu mwalimu alikuwa na hoja, kwani barabara ni njia kubwa. Lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ina kamusi yake yenyewe. Humo neno la Kiingereza tunalolifasiri kuwa barabara limepanuliwa likakumbatia njia nyingine yoyote, gati, uwanja wa kuegesha magari, na hata njia ya waendao kwa miguu, mradi chombo chaweza kupita na umma waweza kufika hapo. Tukiitacho ujia, kichochoro au mapito, machoni pa hakimu chaweza kuwa barabara. Na penye barabara pana usajili, bima, leseni na kofia ngumu.

Kuigeuza pikipiki ya nyikani iwe ya barabarani si jambo geni ulimwenguni. Waingereza, watu ambao jua lenyewe hawalioni sana, huruhusu pikipiki isiyokuwa na taa kabisa ipite ukaguzi wa kila mwaka, kwa sharti kwamba itaendeshwa mchana tu na pasipo na ukungu. Honi, breki na matairi yafaayo barabarani havina msamaha, na lazima isajiliwe na kukatiwa bima.

Huko Marekani mambo ni ya ajabu zaidi. Katika jimbo la Arizona, mwenye pikipiki ya nyikani hufunga taa, honi, kioo na kizuia kelele, akaipeleka ikaguliwe, akapewa nambari. Vuka mto Colorado uingie California, na pikipiki ile ile, yenye taa zile zile, haikubaliwi. Hapo mkaguzi husoma kibandiko cha kiwandani kinachoeleza kuwa chombo hiki, kwa kipimo cha moshi wake, kilitengenezwa kwa matumizi ya nje ya barabara. Vifaa utakavyoongeza baadaye havifuti maandishi hayo. Sababu si ya kipuuzi, kwani jimbo hilo limepigana kwa miongo mingi na moshi uliokuwa ukiwafumba macho wakazi wa Los Angeles. Hata hivyo ni sheria inayouliza nasaba badala ya tabia.

Mimi nasimama na Arizona. Katika nchi ambayo njia nyingi ni za udongo, chombo chenye springi ndefu kinamfaa mwalimu na muuguzi wa mashambani kuliko kingi kinachouzwa mjini. Lakini kusimama na Arizona ni kuukubali ukaguzi wake pia, wala simtetei fundi wa jua kali. Jenereta ya pikipiki nyingi za mashindano hutoa umeme wa kuwasha plagi na si zaidi sana. Taa iliyoungwa hapo hufifia injini inaponguruma polepole, yaani hasa kwenye kona ya giza. Matairi ya meno, yashikayo matope kwa uhodari, huteleza kwenye lami iliyolowa. Mwenzangu hakuyajua hayo, na gizani alikuwa akimpakia mtoto wake.

Tena kuna hili linalonihusu kitaaluma. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria hiyo ya Trafiki imeandikwa kwa Kiingereza. Maelfu ya vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki wanahukumiwa kwa fasili ambayo hawajapata kuisoma, na ambayo shahada ya kwanza ya lugha haikumwezesha hata mwalimu wao kuikisia. Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi wa tafsiri kila mwaka. Sioni ni kwa nini tusiwape fasili hii wahangaike nayo, badala ya hotuba zile zile tunazowapa siku zote.

Pikipiki yenyewe sasa imefunikwa gunia nyuma ya jiko, ikingojea stakabadhi ambazo aliyeiuza hana. Mwalimu huenda shuleni kwa miguu, kwa ujia ule ule.