Sumaku kwenye unga: inaonyesha nini, na nini haionyeshi?

Mama, huenda umewahi kuona mtu akipitisha sumaku kwenye unga wa mahindi, ikatoka na vumbi jeusi. Mmoja anasema ni uchafu, mwingine anasema ni madini chuma yaliyoongezwa kiwandani. Jibu lina uzito, kwa sababu utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini wana upungufu wa damu.

Vumbi jeusi ni nini?
Mara nyingi ni vipande vidogo vya chuma vilivyomeguka kwenye nyundo na chekecheo za mashine ya kusagia. Si lishe. Madini chuma yanayoongezwa kwenye unga Tanzania ni ya aina iitwayo NaFeEDTA, nayo hayanasi kwenye sumaku. Kwa hiyo sumaku ikitoka safi, haina maana kwamba unga hauna virutubishi.

Ubora hupimwaje?
Virutubishi vinavyotiwa ni kidogo sana, gramu mia kadhaa tu kwa tani nzima ya unga. Visipotawanyika sawasawa, mtoto mmoja hupata vingi na mwenzake hukosa chuma. Maabara hudondoshea unga dawa inayofanya chuma kionekane kama madoa mekundu. Madoa yakienea kote, unga umechanganywa vizuri. Yakikusanyika sehemu moja, haukuchanganywa vizuri. Kisha kiasi chenyewe hupimwa.

Hali ya Karatu na Ngorongoro
Kanuni zinataka unga wa ngano na mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi. Lakini familia nyingi Karatu husaga mahindi yao kwenye mashine ya mtaani, ambako kwa kawaida haviongezwi. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, hivyo mahindi na unga hununuliwa. Maziwa yanasaidia mtoto kwa mengi, ila yana chuma kidogo sana.

Ufanye nini?
- Ukinunua unga wa pakiti, tafuta alama ya TBS na maneno yanayosema umeongezwa virutubishi.
- Mwulize mwenye mashine kama ameweka sumaku mahali unga unapotokea. Nyundo zikiwa zimebadilishwa, usiwe wa kwanza kusaga.
- Mtoto aliyeanza kula mpe maharage, mbaazi, mboga za majani, na nyama au dagaa ukipata. Ongeza chungwa au papai. Husaidia mwili kufyonza chuma. Chai asinywe na chakula.
- Ukiwa mjamzito, meza vidonge vya madini chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki.

Viganja vya mtoto vikipauka, akichoka ovyo au akihema kwa shida, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Upungufu wa damu hupimwa kwa tone la damu, na sumaku haiwezi kuupima.