Farasi 135 Wanatosha

Kila kiangazi kinapokaribia Marekani, familia zenye boti ndogo za ziwani huulizana: mashine yetu itaweza kumvuta mtu juu ya ubao? Jibu linalowahi kufika ni la muuzaji, kwamba wanunue kubwa zaidi. Sisi tunapinga. Boti nyingi za familia zina nguvu ya kutosha kwa weikibodi, na fedha zinazopelekwa kwenye injini mpya zina kazi nyingine muhimu zaidi.

Tuchukue boti ya kawaida kabisa: urefu wa mita 5 na nusu, viti mbele na nyuma, injini ya MerCruiser ya lita 3, silinda 4, nguvu ya farasi 135. Anayecheza weikibodi hufunga miguu yote miwili kwenye ubao mmoja na kuvutwa kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 38 kwa saa; mtoto anayejifunza huvutwa polepole zaidi. Wanaoteleza kwa ski moja hutaka kilomita 50 na zaidi, na wanaume kwenye mashindano hufika 58. Tena ubao ni mpana. Hushika maji mapema na kumwinua mtu bila kuvutwa kwa nguvu nyingi. Boti ambayo tayari inamvuta mtu wa ski haina sababu ya kushindwa na ubao. Ralph Samuelson, mwanzilishi wa mchezo wa ski za majini, akiwa kijana wa miaka 18, aliteleza kwa ski juu ya Ziwa Pepin huko Minnesota mwaka 1922, na boti za siku zile hazikuwa na nguvu ya kukaribia hizi tunazozilalamikia leo.

Shida, inapotokea, huwa katika sekunde chache za mwanzo. Boti imesimama, watu wamejaa, mchezaji yuko majini kwenye mwisho wa kamba ya mita 20. Nahodha anasukuma mafuta, omo inapanda, tezi inazama, injini inanguruma lakini mizunguko haipandi. Hapo ndipo injini husingiziwa. Mara nyingi kasoro iko kwenye propela, kwa sababu iliyowekwa ni ya kukimbia boti ikiwa nyepesi. Kuitumia kuvuta mtu na mzigo ni kama kupanda mlima wa Kitonga kwa gia ya juu na lori lililojaa.

Propela ina kipimo kiitwacho pichi, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini. Ukipunguza pichi kwa inchi 2, injini hupata mizunguko 300 hadi 400 zaidi kwa dakika, na boti hupanda juu ya maji mapema. Mwendo wa juu kabisa utapungua kidogo, lakini mchezo huu hauuhitaji. Jambo la kuangalia ni kikomo cha mizunguko alichoweka mtengenezaji: ijaribu boti ikiwa haina mzigo, mafuta yakiwa yamesukumwa hadi mwisho, na isikivuke. Propela ya aluminiamu ni sehemu ndogo sana ya bei ya injini. Tunashangaa kwamba familia hushauriwa kukopa fedha za injini kabla ya kuambiwa habari hii.

Kuna mahali ambapo malalamiko yana haki. Ziwa Tahoe, kati ya California na Nevada, liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo farasi 135 hubaki kama 110. Ziwa Naivasha, nchini Kenya, liko karibu kwenye mwinuko huo huo, na mwenye boti kule afanye hesabu hiyo hiyo. Wa Kilifi, pwani, haimhusu. Hata Tahoe, hatua ya kwanza ni propela yenye pichi ndogo zaidi.

Kinachotutia hofu ni uzito. Mchezaji akishajua kusimama hutaka wimbi kubwa la kurukia, na wimbi hilo hutokana na boti kukaa chini zaidi majini. Basi watu huweka mifuko ya maji: lita 400 ni kilo 400, sawa na watu wazima watano. Sheria ya Marekani inataka boti za kawaida zenye urefu chini ya mita 6 hivi ziwe na kibao kinachoonyesha idadi ya watu na uzito wa mwisho, na maji ya kwenye mifuko yamo katika uzito huo. Boti ya familia iliyozidishiwa mzigo inaweza kumeza maji kwa omo mara nahodha anapopunguza mwendo ghafla, watoto wakiwa wamekaa mbele. Anayetaka wimbi la boti kubwa akodi boti kubwa kwa siku hiyo.

Fedha zilizobaki zinunue makoti ya kujiokolea yanayowakaa wachezaji sawasawa, na pete imara ya kufungia kamba, maana si kila chuma kilicho nyuma ya boti kimeundwa kuvuta mtu. Awepo mtu wa kumtazama mchezaji muda wote, mbali na nahodha. California sheria inataka awe na umri usiopungua miaka 12. Na mtu anapopanda kutoka majini injini izimwe. Kuiweka huru hakutoshi, kwa sababu mkono wa mtoto unaweza kuisukuma gia.

Kuteleza kwenye wimbi lenyewe, bila kamba, mita chache nyuma ya boti, ni jambo jingine. Boti hii ya farasi 135 ina propela iliyochomoza nyuma, na moshi wake wenye kaboni monoksidi hutokea pale pale mchezaji anapopumulia. Asiruhusiwe mtu kufanya hivyo nyuma yake, hata kwa dakika moja.