Kansere ya titi: kipimo cha ADN kinapoamua ni dawa gani ipewe nani

Wanawake wawili wana kansere ya titi ya namna moja na wanapewa dawa moja. Kwa mmoja kivimbe kinapunguka, kwa mwingine hakitikisiki. Kwa muda mrefu waganga walijaribu tu na kungojea. Leo sehemu ya jibu inatafutwa ndani ya ADN, katika uwezo wa chembe za mwili wa kujirekebisha.

ADN inaharibika kila siku, na kila chembe ina mafundi wake wa kuitengeneza. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walioeleza namna kazi hiyo inavyofanyika, walipewa Zawadi ya Nobel ya kemia mwaka wa 2015. Jeni za BRCA1 na BRCA2 zinasaidia kuunga ADN iliyokatika. Mwanamke aliyerithi hitilafu katika moja ya jeni hizo yuko katika hatari kubwa ya kansere ya titi na ya ovari. Lakini udhaifu huohuo unaweza kuigeukia kansere yenyewe: ikipigwa na dawa inayokata ADN, inakosa fundi na inakufa.

Utafiti wa TNT wa Uingereza, uliotangazwa mwaka wa 2018, ulionyesha jambo hilo wazi. Wanawake 376 waliokuwa na kansere ya titi iliyokwisha kuenea waligawanywa kati ya karboplatini na dosetakseli. Kwa jumla, hakuna dawa iliyoshinda. Ila kwa wale waliorithi hitilafu ya BRCA, kivimbe kilipunguka kwa watu 68 kwa mia waliopewa karboplatini, na 33 kwa mia upande wa dosetakseli. Bila kipimo, tofauti hiyo ingezama ndani ya hesabu ya jumla.

Lakini si kila alama ya kuaminiwa. Katika utafiti huohuo, kipimo kinachohesabu makovu ya ADN ndani ya kivimbe hakikuweza kutambulisha nani atasaidiwa na karboplatini. Sababu moja inayotolewa: kovu linabaki hata kama chembe imekwisha kupata tena njia ya kujirekebisha. Linaeleza ya jana, na munganga anatafuta ya leo.

Olaparibu, dawa iliyotengenezwa juu ya udhaifu huo wa BRCA na kuruhusiwa Ulaya na Marekani mwaka wa 2014, ni ya bei kali. Karboplatini ni ya zamani, imo katika orodha ya dawa za lazima ya OMS. Kwa hiyo, kwa inchi zenye feza kidogo, kipimo kinaweza kuwa na faida hata pale dawa mpya haifiki. Na haja iko: katika utafiti wa Nigeria wa mwaka wa 2018, uliopima wanawake 1,136 wenye kansere ya titi, karibu mmoja kati ya wanane alikuwa na hitilafu ya kurithi, nyingi zikiwa za BRCA.

Kipimo cha hitilafu ya kurithi kinaomba damu ao mate tu. Kazi ngumu inaanza jibu likitoka, maana halimhusu mgonjwa peke yake. Kila mtoto wake ana nafasi moja kwa mbili ya kuwa amebeba hitilafu ileile, na mtu lazima aketi nao na kuwaeleza.