"KWA MUDA" NI MPAKA LINI?

Ndugu wafanya kazi,

Watu hutuuliza: Ninyi wa Isiolo mna neno gani katika habari za gari la moshi, nanyi hamna hata kipande cha reli mjini kwenu? Jibu letu ni kwamba stesheni yetu ni Nanyuki, mwendo wa kilomita 80 hivi kwa barabara, na sisi tunaoandika haya ni watu wa kazi ya reli. Tena, kungoja twakujua. Tarehe 2 Machi 2012 wakuu wa nchi tatu walifungua mradi wa LAPSSET huko Lamu, na Isiolo ikaambiwa itakuwa njia panda ya reli ya kwenda Moyale na Sudan Kusini. Barabara ya Moyale imekwisha, uwanja wa ndege upo, gati za Lamu zipo. Reli hatujaiona. Basi tukisikia ahadi isiyo na tarehe, sisi hatulali.

Safari za gari la abiria zikipunguzwa, tangazo hubandikwa: "Safari zimepunguzwa kwa muda." Wako wenzetu wasemao tusiwe na haraka, muda utakwisha. Ndugu, neno hili mwalijua. Ni nani kati yetu asiyemjua kibarua "wa muda" aliyeota mvi akiwa bado wa muda? Kwa mfanya kazi, muda usio na tarehe ni milele.

Tazameni gari la zamani la Mombasa. Zamani liliondoka Nairobi kila usiku. Likawa mara tatu kwa wiki. Likawa mara mbili, nalo huchelewa hata abiria akakata tamaa na kupanda basi. Aprili 2017 likafanya safari ya mwisho. Ni kweli, reli mpya ilifunguliwa mwezi uliofuata, lakini reli mpya haina kituo cha abiria Makindu wala Sultan Hamud. Watu wa huko wabebwe na nani?

Hapa ndipo penye hila. Kwanza safari hupunguzwa. Abiria wakitawanyika, huja mtu na kitabu kuwahesabu, kisha husema: Hakuna abiria, gari halina faida. Huyo ni sawa na mwenye duka afungaye siku sita, siku ya saba akalia kwamba wanunuzi wamekwisha.

Reli ilifika kwetu Nanyuki miaka ya 1930. Ikaja siku abiria wakaondolewa, mizigo ikapungua, majani yakaota kati ya mataruma, na watu wakaweka vibanda juu ya njia. Mwaka 2020 ilibidi kuitengeneza tena kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na vijana wa NYS na askari wa KDF wakashika kazi ndipo gari la abiria likafika tena mwezi wa Desemba. Wenzetu wa Tanganyika ya zamani walipata hayo hayo: gari la abiria la Moshi na Arusha lilikoma miaka ya 1990, likarudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Mtoto aliyezaliwa lilipokoma alikuwa mtu mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatusemi kila kupunguza ni uongo. Aprili 2020, wakati wa korona, gari la Madaraka lilisimamishwa, na tarehe 13 Julai likaanza tena. Kwa nini lilirudi? Kwa sababu magari ya mizigo hayakuacha kupita na njia haikuachwa. Basi msisome tangazo peke yake, someni njia. Gengi likiendelea kufyeka majani na kukaza bolti, muda ni muda. Gengi likiondolewa, stesheni ikatiwa kufuli na karani akahamishwa bila mwingine kuja, jueni gari limekwisha kuuawa, bado kuzikwa tu.

Kwa hiyo Chama kidai mambo matatu kila safari zinapopunguzwa. Kwanza, tangazo liwe na tarehe ya mwisho. Pili, gengi na watu wa stesheni wabaki kazini mpaka tarehe hiyo. Tatu, abiria wasihesabiwe katika miezi ya kupunguzwa, maana hesabu hiyo si haki.

Mwaka 2006 reli ilipokabidhiwa kampuni kwa mkataba wa miaka 25, maelfu ya wafanya kazi walipoteza kazi, na mkataba wenyewe ukavunjika mwaka 2017. Waliokwenda nyumbani hawakurudishwa. Tusingoje mpaka zamu yetu ifike ndipo tuulize.

Ndugu, likibandikwa tangazo kwenu, ulizeni siku ile ile: Mpaka lini?

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wafanya kazi wa reli, Isiolo.