Kwa nini picha za bahari hukwama kwenye simu

Video ya mzee aliyeketi barazani akisimulia habari za Chula hupita kwenye mtandao wa simu bila taabu. Ile ya mashua ikikata mawimbi kuelekea Koyama hukwama. Udhaifu wa mnara si sababu pekee. Video nyingi hubanwa kwa kiwango kinachobadilika: picha iliyotulia huhitaji biti chache, ilhali maji yanayochafuka, yenye sura mpya kila mara, huhitaji nyingi mno.

Mafundi hutibu tatizo hilo kwa kusawazisha mtiririko. Picha ikiwa imetulia, simu hupakua mapema sehemu zinazofuata na kuziweka akiba, ili mawimbi yakifika yakute zimekwisha kuhifadhiwa.

Kwa Wabajuni, ambao vita vya 1991 viliwatawanya hadi Mombasa na Uingereza, njia hiyo inafaa kwa kumbukumbu zilizorekodiwa. Kwa mazungumzo ya video kati ya Kismayo na London haisaidii sana: hakuna simu iwezayo kupakua neno ambalo mama hajalitamka.

Tena ina gharama isiyotajwa mara nyingi. Mwenye bando akiacha kutazama katikati, akiba ile ameilipia bure. Wachapishaji wanaweza kupunguza mzigo huo. Machi 2020 Netflix ilishusha kiwango cha biti barani Ulaya, ikikadiria kuokoa robo ya matumizi. Kwa simulizi za Chula hata picha si lazima, mradi sauti iwekwe faili lake peke yake.